Kioo Nilichosema Kimevunjika

Mwanangu Athman,

Salamu nimekupa asubuhi ulipokuwa ukinywa kahawa, na kesho nitakupa nyingine kabla hujapanda meli, kwa hiyo hapa naziruka. Mambo ya nguo, ya dawa ya tumbo na ya nani wa kumwamkia kwanza ukifika Unguja umeyasikia tangu Ijumaa, mpaka umeanza kuyaitikia kabla sijamaliza kuyasema. Nayo nayaruka. Umekwenda Shela kuwaaga shangazi zako, na nawajua, hawatakuachia mpaka ule kwa kila mmoja wao. Nina nafasi ya kuandika mpaka magharibi, na mwanga wa hapa kiwandani, katikati ya nyumba pasipo paa, bado ni mzuri.

Nataka kukuandikia juu ya kamera. Usicheke. Najua umekwisha kuchagua.

Bwana mwenye nyumba ya picha huko Unguja alikuandikia kwamba ana kazi za namna tatu. Iko ya kukaa ndani na kuwapiga wateja kwa kamera kubwa ya miguu mitatu. Iko ya kuzunguka njiani na sokoni na kamera ya mkono. Na iko hiyo mpya ya sinema, ambayo kamera ni yake mwenyewe na wewe utazungusha mpini tu. Akataka uende na kamera yako na umwambie unataka kazi ipi. Jana nilifungua sanduku lako ili nikunje upya kanzu zako, maana wewe hukunji, unasokota. Nikaiona kamera ndogo umeizungushia kikoi kipya. Kamera kubwa ya babako iko pale pale chini ya ngazi, na vumbi lake hukuligusa.

Sababu naijua. Kamera ndogo ni yangu na kubwa ni yake, na wewe miaka minne sasa hutaki kitu kilichopita mkononi mwa babako. Unamsalimu kwa kuwa dini inakulazimu. Kwenye sinia moja naye huli. Nimekaa baina yenu miaka yote hiyo nikipakua chakula mara mbili, na nimenyamaza. Unaondoka na kamera usiyojua ilikotoka, na unamwacha nyuma baba usiyemjua. Yote mawili ni kosa langu. Nitakueleza yote, lakini niache nieleze kwa njia yangu, kwa maana nikianza na mwisho nitashindwa kuuandika mwanzo.

Kamera kubwa babako aliipata Mombasa kabla hujazaliwa. Alikwenda kuchonga mlango wa Mhindi mmoja mpiga picha, mlango ukachukua miezi mitano, na kila jioni alikuwa akimtazama yule Mhindi akifanya kazi. Mwisho wa yote akarudi nyumbani na sanduku la mti lenye jicho la kioo mbele, badala ya kile kitanda alichoniahidi. Nilimuuliza kama usiku tutalala juu ya sanduku hilo. Akasema tungoje. Babako ni mtu wa kungoja, na ndiyo maana kamera ile ilimpenda.

Wanaume aliwapiga hapo dakani, barazani penye mlango wa nje, wamevaa majoho na wamekaza shingo. Wanawake hakuweza. Wa mtaa huu wote wa Mkomani, hapa Amu, walitaka picha, na hakuna hata mmoja ambaye angekaa mbele ya mwanamume wa watu uso wazi. Ndipo akanifundisha mimi. Alikuwa akiipanga kamera hapa kiwandani, anapima mwanga, kisha anatoka na kufunga mlango, nami nabaki na wanawake, natoa kifuniko cha jicho, nahesabu, narudisha.

Usidhani nilikuwa hodari. Vioo vya kwanza sita, ambavyo picha hukaa juu yake kabla ya kutiwa kwenye karatasi, niliviharibu vyote. Nilivioshea maji ya kisima ya mchana, na maji ya mchana hapa yana joto, na ile dawa iliyopakwa juu ya kioo ikilainika haina kushika tena. Picha ya shangazi yako Maimuna iliteremka mbele ya macho yangu, kidevu kwanza, kisha pua, ikaenda na maji. Mpaka leo ananiambia nilimyeyusha. Baada ya hapo nikajifunza kuosha vioo alfajiri tu, na maji yaliyolala kwenye mtungi. Unguja kuna joto kuliko hapa. Hilo lishike hata ukisahau mengine.

Kwa hiyo, ukichagua kamera ya kukaa ndani, tazama mti wake kwanza. Mti laini hunywa mvua ukavimba, na kioo hakiingii tena mahali pake. Ule mfuko wa ngozi uliokunjamana katikati, ingia nao kwenye chumba cha giza, tia taa ndogo ndani yake, uuzunguke polepole. Ukiona nukta moja ya mwanga inatoka nje, basi mwanga wa nje nao utaingia, na kila picha itakuwa na doa jeupe usilojua limetoka wapi. Na jicho usilipime kwa uso wa mtu, kwa maana uso hukusamehe. Lipime kwa mlango wa kuchongwa. Piga picha ya mlango mzima, kisha tazama miimo ya pembeni. Ikiwa imenyooka, jicho ni zuri. Ikiwa imepinda tumbo, mwachie mwenye nayo. Haya yote alinifundisha babako, nami nilikufundisha wewe bila ya kukutajia jina lake, kwa sababu ulikuwa hutaki kulisikia.

Na kulikuwa na sharti, nalo pia ni lake. Mwanamke aliyepigwa picha alipewa picha yake pamoja na kioo chake. Kwa watu wengine mpiga picha hukiweka kioo, akatoa picha nyingine siku atakayo. Babako akasema hapana, kwa wanawake wa hapa kioo ndicho uso wenyewe, na uso urudi kwa mwenyewe. Wakaviweka masandukuni mwao chini ya dhahabu zao. Kwa sharti hilo milango yote ya Mkomani ilifunguka kwetu, na hata kutoka Pate waliletwa maharusi.

Sasa nakuja kwa Bi Rukiya.

Wewe ulimwita Da Rukiya, na alikubeba mgongoni ulipokuwa hutaki kutembea, nawe ulikuwa hutaki kutembea mara nyingi. Mamake alipofariki nilimchukua, akawa analala hapa siku nyingi kuliko kwa kakake. Aliniita Mama. Alipoolewa, siku ya saba, niliipanga kamera mwenyewe, kwa kuwa babako alikuwa na homa. Alikaa pale penye ngazi, asumini kichwani, mikono ina hina mpaka kwenye viwiko. Akaniambia, "Mama, nipige uso wote, mato yaonekane. Lakini nde isende." Nikamwambia haitakwenda nje, kioo ni chako.

Nilipotoa kifuniko akacheka. Nilitaka kumkemea, maana anayecheka hutikisika na picha ikachafuka. Lakini alikizuia kicheko chake palepale usoni, hakupepesa, mpaka nikamaliza kuhesabu. Alfajiri nilipokiosha kioo nikaona kwamba nimepiga picha ambayo sijapata kuipiga, wala babako hajapata. Ulikuwa uso wa mtu aliye hai. Nilikaa nacho mpaka jua likapanda, na nikajua sitakitoa.

Nilimwambia kimevunjika. Nilikwenda kwake na mikono mitupu, nikamwambia, Rukiya mwanangu, kimeniponyoka kisimani. Akanishika mkono akanipoza. "Haidhuru, Mama, tutapiga chengine." Hatukupiga kingine. Nilikiweka kioo ndani, kwenye kidaka cha juu ukutani, nyuma ya sahani ya Kichina, na nilikuwa nikikitoa nikiwa peke yangu. Sikuwa na nia mbaya. Nilitaka kuwa na kitu kimoja kizuri nilichokifanya mimi, basi. Lakini siku ile ndiyo niliyoanza kuiba, na yaliyofuata yote yalipita mlango huo.

Mwaka haukwisha, akaja yule Bibi mgeni, mke wa Mzungu msafiri. Unamkumbuka, alikupa tamtam, ukaitema. Alikuwa akiingia nyumba za wanawake kutazama na kuuliza, na watu walimpenda kwa kuwa alivua viatu bila kuambiwa. Alikuja hapa mara tatu. Mara ya tatu nilimwonyesha kioo cha Rukiya. Nilikuwa sijamwonyesha mtu yeyote, na sifa ikikaa sana kifuani huwasha. Alikiinua kwenye mwanga wa kiwanda, akakitazama muda mrefu. Kisha akasema kwa Kiswahili chake, "Nipe mimi. Wanawake ya kwetu atapenda sana."

Nilimuuliza swali moja tu. "Wataona wanawake?" Akasema ndiyo, wanawake. Na mpaka leo, mwanangu, sidhani alinidanganya. Wanawake wa kwao bila shaka waliona.

Hapa ndipo lilipo kosa langu, na nimelifikiria miaka mingi. Nilidhani kila nyumba duniani ina ndani. Nilidhani kitu kikitoka mkononi mwa mwanamke kikaingia mkononi mwa mwanamke, basi kimetoka ndani kimeingia ndani, na hakikupita nje hata kidogo. Ndivyo yanavyokwenda mambo yetu hapa. Dhahabu hupita hivyo, na siri, na mashairi, kutoka Mkomani mpaka Siyu, na mwanamume asijue. Haikunijia akilini kwamba yule Bibi anaishi katika nyumba yenye madirisha yanayoelekea barabarani, ambamo wageni wa mumewe hukaa chumba kimoja naye, na picha huwekwa mezani ikapita mikono yote. Sikumuuliza nyumba yake ikoje. Niliuliza nani ataona, nisiulize mahali.

Alikichukua kioo, akaniachia kamera ndogo na ukanda wa picha wa kutia ndani. Wewe ulifikiri ni zawadi ya ukarimu wetu, nami nilikuacha ufikiri hivyo. Kamera uliyoizungushia kikoi ni badali ya uso wa Rukiya.

Sikwambii uiache. Ni kamera njema. Haitaki miguu, hukunjwa ikaingia mfukoni mwa kanzu, na mlango wa jicho lake hufunguka na kufunga kabla mtu hajapepesa. Ukinunua nyingine siku moja, fungua mgongo wake utazame kama ukanda unalala sawasawa, na sikiliza mlio wake, maana nyingine hulia mpaka punda wanageuka. Kwa kamera hii nilimpata nyanyako akicheka bila meno, jambo ambalo mbele ya kamera kubwa asingelifanya maishani mwake. Nilikupata wewe juu ya ukuta wa jirani siku uliyoapa kwamba hukupanda. Lakini pia nilisimama nayo dirishani, nikawapiga watu wakipita uchochoroni, wasijue. Nilimpiga mzee mmoja akizungumza peke yake. Nilimpiga kijana aliyekuwa akilia akijifuta kwa ncha ya kilemba. Na nilipenda, Athman. Afadhali nikwambie kwamba nilipenda, kuliko kujifanya sikuwahi. Kamera kubwa haiwezi kufanya kazi mpaka mtu akubali kukaa. Hii haimngojei mtu akubali, na mkono ukizoea kutongojea ni vigumu kuurudisha. Nami nilikuwa nimezoea kabla hata sijaishika.

Yaliyobaki unadhani unayajua. Mtu alirudi kutoka Unguja na kadi ya posta aliyoinunua dukani, na juu yake yuko Rukiya, asumini, hina, kicheko na vyote, na chini maandishi ya Kizungu. Ilizunguka bandarini kabla haijafika kwa kakake. Uliambiwa na watoto wenzako chuoni. Ulirudi nyumbani umepasuka mdomo na hukusema nani alikupiga.

Usilolijua ni hili. Wazee wanne walikuja dakani baada ya sala ya alasiri. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango wa tekani, ule wa kuingilia ndani, nikichungulia, nimeziba mdomo kwa leso. Babako alikuwa hajui chochote. Naapa kwa Mola wangu, alikuwa hajui kama kioo kile kipo duniani, kwa kuwa naye nilimwambia kimevunjika. Wakamwekea kadi mbele yake. Akaitazama, na mimi nikamwona akiujua mwanga. Aliujua mwanga wa kiwanda chake, na aliijua siku, siku aliyokuwa na homa. Hakuinua kichwa kutazama mlango niliosimama nyuma yake. Akasema, "Kioo kimetoka mkononi mwangu. Mke wangu hana habari."

Alipoingia ndani nilimwambia nitatoka niseme kweli. Akanizuia kwa ajili ya jina langu, akasema, "Ata waseme. Ina langu litastahimili, ni la mume. Lako halitastahimili." Nilisema tena. Mara hiyo ya pili sauti yangu ilikuwa ndogo, na mara ya tatu sikusema. Hilo ndilo linaloniumiza kuliko kioo. Kioo nilikitoa kwa ujinga, lakini kunyamaza nilinyamaza na akili zangu zote.

Hakuniuliza kwa nini, siku ile wala baadaye. Aliichukua kamera akaiweka chini ya ngazi, na wiki ile ile akaanza kwenda Matondoni kutoboa mbao za vyombo vya baharini kwa keke, yeye aliyekuwa akichonga milango ya matajiri, kwa kuwa hakuna tena aliyetaka mlango wake uchongwe na mtu aliyeuza uso wa mke wa watu. Wanawake walikuja kunipoza mimi kwa kuwa na mume wa namna ile. Waliniletea halua. Nilikula, Athman. Nilikaa kwenye mkeka nikala halua yao na kuwaacha wamseme.

Na Rukiya akarudishwa kwa kakake, na talaka yake, hatua thelathini kutoka hapa.

Nawe ukamhukumu babako. Ulikuwa na miaka kumi na mitano na ulimpenda kuliko mtu yeyote, kwa hiyo hukumu yako ilikuwa kali. Sikulaumu. Lakini kumbuka jambo moja. Wazee walimuuliza akawajibu. Wewe hukumuuliza hata mara moja. Wewe hajakudanganya.

Kuhusu sinema sina mengi, sijaiona. Mume wa shangazi yako Maimuna aliiona Unguja, ndani ya hema, akarudi akisema watu wanatembea juu ya shuka na mawimbi yanakuja mpaka unainua miguu. Alieleza siku tatu, na kila siku mawimbi yalikuwa makubwa zaidi. Nasikia kwamba kamera yake hutaka mkono usiobadilika, mizunguko ile ile, ukichoka na wao wanachoka, ukiharakisha wanakimbia kama wendawazimu. Mkono huo unao. Umeurithi, na sio kwangu.

Kitu kimoja tu hunitatiza. Sisi tuliweza kumrudishia mtu kioo chake. Yule atakayepita mbele yako amebeba kapu la samaki, akaingia kwenye ukanda wako na kutoka, utamrudishia nini? Sijui. Labda hakuna cha kurudisha, na labda si lazima. Dunia yenu itakuwa na nyuso nyingi kuliko yetu, huenda watu watazoea. Nataka tu usikae na sinema, wala na kamera ya mkono, kabla hujajiuliza picha itakwenda kukaa nyumba gani. Mimi niliuliza nusu ya swali.

Sasa nikwambie nilikokwenda leo asubuhi ulipodhani nimekwenda kununua nazi.

Nilikwenda kwa Rukiya. Nilitaka kukuandikia wewe, nikaona kwamba yeye ana haki ya kusikia kwanza. Miaka minne sikuingia kwake, na yeye hakuja kwangu, kila mmoja akidhani mwenzake ana aibu. Nilimkuta anashona kofia. Nilikaa, nikamwambia yote kama nilivyokwambia wewe, mpaka na kidaka, mpaka na sahani ya Kichina. Sikulia, kwa sababu kulia kungekuwa kumwomba anipoze tena kama alivyonipoza siku ile, na sikuwa na haki hiyo.

Aliendelea kushona mpaka nikamaliza. Kisha akauliza, "Uso ule, Mama, ulikuwaye?"

Sikumfahamu. Akaiweka kofia chini. "Amu nzima wameuona. Mabaharia wameuona. Kaka yangu aliitia kadi motoni, asinioneshe. Mimi sikuuona hata siku moya. Nambia ulikuwaye."

Nikamweleza. Nilimweleza jinsi asumini ilivyokaa, na nywele moja iliyotoka kwenye sikio la kushoto, na kicheko alichokizuia. Nilimwambia alikuwa mzuri. Hapo ndipo alipolia, na mimi nikalia naye. Hakuniambia amenisamehe. Sikumuuliza. Aliniambia tu kwamba ukiiona kadi ile Unguja, uinunue, uitie ndani ya karatasi mbili, uifunge, na umletee mkononi mwake siku utakayorudi. "Nataka yangu," akasema. Nimemwahidi kwa niaba yako, na naomba ahadi hii isiwe kama ile niliyompa siku ya saba.

Nilipoinuka akaniuliza kama Fundi Bakari, babako, anajua kwamba nimekuja. Nikasema hajui. Akasema yeye mwenyewe atawaambia wanawake wote ukweli, ili watu wamsalimie tena babako kwa jina lake, na kuanzia kesho huenda nisiletewe halua tena. Nimestahili. Nimelala vibaya miaka minne, na leo mchana, mwanangu, nilijinyoosha baada ya adhuhuri nikapata usingizi mzito hata sikusikia mwadhini wa alasiri.

Basi chagua kamera uitakayo. Ukichukua ndogo, ichukue ukijua. Ukichukua kubwa, usiichukue chini ya ngazi kimyakimya, iombe kwa mwenyewe. Ukizichukua zote mbili, nunua sanduku jingine, zisikwaruzane. Na ukimwambia bwana wako kwamba wewe unataka sinema, mimi nitakuombea dua kwa sinema kama nitakavyokuombea kwa nyingine, na nitajifunza kuinua miguu.

Nilitaka barua hii niitie chini ya kanzu zako, uikute melini. Nimebadili nia. Melini ungeisoma ukalia, halafu ungeangalia huku na huku, na ungeona maji tu. Kwa hiyo nitakupa mkononi utakapoingia kutoka Shela, na utaisoma kwanza, kabla hujavua kanzu.

Babako amekwisha rudi. Namsikia kisimani anajimwagia maji miguuni, amechoka, na hajui kama nimeandika neno lolote. Mimi nitakwenda juu, nitashughulika na jambo fulani kwa muda mrefu, na hakuna atakayewaingilia.

Nenda kamuulize.

Mamako